Kadi ya Tano

Habari hii nilipewa na mpelelezi mwenyewe, binti wa marehemu dada yangu, mwaka aliostaafu. Alikuja kunitazama nilipoteguka nyonga, akakaa kwangu siku tatu, na kila alipokaa jikoni kumenya viazi alinipa kipande. Yale maneno ya Ulaya ya zamani aliniandikia kwenye karatasi, nami nimeyanakili kama yalivyo. Mengine yote niliyashika kwa masikio.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya nne tangu mzee mmoja apotee. Mkewe alikuwa kwenye benchi la kituo tangu saa moja na nusu asubuhi, mkoba mapajani, miguu imebanwa pamoja kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Mpelelezi alipoingia, sajini wake alikuwa ameshika koti la mzee kwa vidole viwili.

“Afande, hii kesi nimeshaimaliza kichwani,” sajini alisema kwa sauti ya chini. “Mzee wa miaka sitini na sita. Ndani ya koti kuna anuani ya mwanamke, na imeandikwa ‘Jumatatu saa nne’. Jumatatu ndiyo siku aliyotoweka. Hapa panahitaji mpelelezi au mshenga?”

“Nimekusikia, mwanangu,” mama akasema kutoka kwenye benchi. “Masikio yangu bado hayajastaafu.”

Sajini akalikunja koti haraka.

Mpelelezi alikaa kando ya mama. Alimuuliza tena yale ya jana: mzee aliondoka saa ngapi, alisema nini, alivaa nini. Aliondoka saa mbili asubuhi, hakusema kitu, alivaa koti la kijivu badala ya lile la kahawia alilozoea. Ndani ya lile la kahawia ndimo mlimobaki anuani, kitambulisho na miwani ya kuonea mbali.

“Mtu anayehama mke hasahau kitambulisho,” mpelelezi alisema.

“Huyu husahau. Siku hizi anasahau hata kama ameshakula.” Mama alitazama mikono yake. “Mwanangu, mimi sitaki mengi. Niambie jambo moja tu. Amekufa, au ameniacha? Kama amekufa, nimlie. Kama ameniacha, nipunguze unga kwenye sufuria. Lakini kukaa hapa katikati siwezi. Kila jioni napika kwa wawili, halafu namwaga.”

“Tutafika kwa huyo mwanamke leo.”

“Na mimi nakuja.”

“Utakuja. Lakini nataka kwanza kujua ninakwenda kumuuliza nini.”

Basi wakaanzia kazini kwake, mama akabaki garini, hakutaka watu wa pale wamwone.

Mzee alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kampuni ya vitabu, ghorofa ya pili, chumba cha kamusi. Walikuwa wakitunga kamusi kubwa ya Kiingereza kwa Kiswahili, na kazi yake yeye ilikuwa moja: kueleza kila neno lilitoka wapi kabla halijawa la Kiingereza. Kwa hiyo walimwita Mzee Asili. Chumba kilijaa droo za mbao kutoka sakafuni hadi juu, na kila droo imejaa kadi. Aliyezitunza alikuwa karani mwanamke, mtu wa makamo, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine umesahauliwa kichwani.

“Ukimpa chai,” karani alisema, “anakwambia neno chai lilianzia Uchina, anakupitisha nchi kwa nchi mpaka chai yenyewe inapoa. Nimemvumilia miaka kumi na tisa. Mmempata?”

“Bado. Wiki iliyopita alikuwa akishughulikia neno gani?”

Karani alivuta droo bila kutazama lebo. Akatoa kadi nne zilizofungwa kwa uzi, akazipanga mezani moja moja.

“Hili. ‘Coffin’. Jeneza. Yeye huanza na lugha changa na kurudi nyuma kwenye lugha kongwe. Kadi ya kwanza, Kiingereza. Mnaona? Zamani Waingereza hawakumaanisha jeneza tu. Lilikuwa sanduku lolote, na hata lile ganda la unga wa kuoka linaloshika nyama ndani yake.”

“Watu walikula jeneza?” sajini akauliza.

“Walikula ganda, kaka. Ya pili, Kifaransa cha kale, ‘cofin’, sanduku au kikapu. Ya tatu, Kilatini, ‘cophinus’, kikapu. Ya nne, Kigiriki, ‘kophinos’, kikapu. Hapo ndipo mwisho. Wataalamu wenyewe wameinua mikono, hawajui Wagiriki walilitoa wapi.”

Mpelelezi aligeuza kadi. Nyuma ya kila moja paliandikwa mambo matatu: nani alitoa habari, wapi, tarehe gani. Nyuma ya kadi ya tatu na ya nne paliandikwa jina la padri mmoja mstaafu.

“Hii nyuma ni sheria?”

“Sheria kubwa kuliko zote humu. Kadi isiyo na mtoa habari haiingii kwenye droo. Hata kama uliambiwa na mama yako mzazi, mwandike mama yako.”

“Na hizi ndizo zote?”

Karani akafungua daftari la usajili, akateremsha kidole, kidole kikasimama. “Tano,” alisema. “Ijumaa saa kumi alisajili ya tano.”

“Baada ya Kigiriki kuna lugha gani?”

“Hakuna.”

“Basi ya tano ilikuwa ya nini?”

Karani aliligeuza daftari waone. Kwenye daftari, mbele ya namba tano, nafasi ya lugha ilikuwa tupu. Kwenye nafasi ya mtoa habari mzee alikuwa ameandika ‘Mimi’, na hilo neno lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

“Nani alikata?”

“Mimi nilikata. Nikamrudishia kadi yake. Mwandishi hawezi kuwa shahidi wa maneno yake mwenyewe, hilo analijua, yeye ndiye aliyenifundisha. Nikamwambia, Mzee, katafute mtu wa pili, akitia sahihi nyuma nitaipokea. Akaitia mfukoni, akaniaga. Ijumaa hiyo aliniaga mara tatu, siku hizi kichwa chake kinavuja.”

“Mbele paliandikwa nini?”

“Sikusoma.”

“Hukusoma?”

“Mimi hukagua nyuma kwanza,” karani alisema, na sauti yake ilianza kupungua. “Nyuma ikiwa mbovu, mbele siisomi. Ndivyo tunavyofanya kazi. Kadi ni nyingi.” Alivua miwani. “Alisimama hapo ulipo. Alisimama muda mrefu. Nilidhani amesahau njia ya mlangoni.”

Walipokuwa wakishuka ngazi mpelelezi alisema, “Hakuondoka kwenda kwa mwanamke. Aliondoka kwenda kutafuta shahidi.”

“Wa nini, afande?”

“Padri huenda akajua. Ndiye wa mwisho aliyesema naye juu ya neno lile.”

Padri mstaafu aliishi nyumba ya wazee wa kanisa, chumba cha mwisho cha ukumbi mrefu. Walimkuta anafua soksi kwenye karai, mikono imejaa povu, akawaomba wakae kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na vitabu.

“Alikuja Jumatano ya wiki jana,” alisema. “Huja kwangu kwa Kilatini na Kigiriki. Lugha hizo zimekufa, basi husema mimi ndiye maiti pekee anayeongea.” Alicheka, kisha akaona hawakucheka. “Ana nini?”

“Hajulikani alipo tangu Jumatatu, Padri. Alikuuliza nini?”

“Kwanza alinionyesha neno. Nikamwambia Kilatini waliliazima kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki ni kikapu cha kawaida tu. Nikamkumbusha ile habari ya umati uliolishwa mikate michache, wakakusanya mabaki vikapu kumi na viwili. Kwa Kigiriki vikapu vile viliitwa kwa neno hilo hilo. Nilidhani atafurahi, yeye akipata mfano mzuri huwa kama mtoto. Siku hiyo hakufurahi. Aliuliza kikapu kile kilikuwa kikubwa kiasi gani.”

“Ukamwambiaje?”

“Kiasi cha mtu kubebea chakula chake. Basi akanyoosha mkono, akapima. Kutoka hapa,” padri alijigusa kiwiko, akaacha povu kwenye mkono wa shati, “mpaka ncha za vidole. Akaniuliza, ‘Hivi, Padri?’ Nikasema, kama hivyo, au zaidi kidogo. Akaangalia mkono wake mpaka mimi nikaona haya kumtazama.”

“Kuna lingine?”

“Mlangoni. Aliuliza, mtu akizikwa kwenye kikapu, amezikwa au ametupwa? Nikamjibu, binti yangu, inategemea aliyembeba. Aliyebebwa kwa mikono miwili hajatupwa. Akashukuru, akaenda.” Padri alizikamua soksi polepole. “Sikumuuliza ni nani. Nilidhani bado tunaongelea Wagiriki.”

Mpelelezi alirudi garini. Hakufunga hata mkanda. Aligeukia kiti cha nyuma alikokaa mama.

“Mama, samahani kwa swali. Mliwahi kupata mtoto?”

Mama alikuwa akikunja leso. Aliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kama kidole gumba, ndipo akasema. “Mmoja. Wa kike. Miaka thelathini na nne sasa. Alizaliwa hana pumzi. Mimi nilipoteza damu, siku mbili sikujua jua wala mvua. Nilipozinduka ameshaondolewa. Nikamuuliza mume wangu, yuko wapi? Akasema, hospitali wameshughulikia.”

“Hakusema zaidi?”

“Nilimuuliza mara moja tu. Swali lenye jibu kama hilo huliulizi mara ya pili.” Alitazama nje ya dirisha. “Unajua wanavyoshughulikia wale ambao hawakupumua? Wanaweka pamoja na vitu vya chumba cha upasuaji. Aliniambia mwanamke wa kitanda cha jirani. Gari la taka la hospitali lilikuwa likipita mtaani kwetu kila Ijumaa. Miaka yote hiyo, nikilisikia, nafunga dirisha. Mume wangu akidhani nachukia harufu. Lakini hayo yanahusu nini na mwanamke wa saa nne?”

“Sijui bado,” mpelelezi alisema, ingawa alikuwa ameshaanza kujua. “Sajini, endesha.”

Anuani ilikuwa ya nyumba ya vyumba viwili, mlango wa kijani, nyuma ya karakana ya baiskeli. Mama alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Alikuwa amevua kidani na pete, amevitia kwenye mkoba, na sajini alipoona hivyo akamfuata karibu.

“Mama, tafadhali, ngumi hapana.”

“Mimi na umri huu nipigane? Nataka kumwona uso tu.”

Mlango ulifunguliwa na kizee mwenye fimbo, mgongo umepinda, meno machache, sweta imefungwa vifungo visivyolingana.

Mama alimtazama juu mpaka chini. Akamgeukia mpelelezi. “Huyu?”

“Ulitegemea nani, mwanangu?” kizee akasema. “Hata mimi ningependa kuwa huyo unayemtafuta. Ingieni, siwezi kusimama sana.”

Alikuwa nesi mstaafu wa hospitali ya wazazi. Walipoketi alimwangalia mama kwa makini, akaweka fimbo chini.

“Wewe ndiye wa kitanda cha dirishani,” alisema. “Ule mwaka wa mafuriko. Sasa nimekujua. Tulikufunika mablanketi manne na bado ulitetemeka.”

Mama aliuweka mkoba chini.

“Mume wake alifika hapa Jumatatu?” mpelelezi aliuliza.

“Saa nne kamili, kwa kuuliza njia. Alikuwa ameshakuja kituo cha basi cha mtaa huu kunitafuta Jumamosi na Jumapili, mwishowe mtu akampa anuani, akaniletea salamu kwamba atakuja Jumatatu saa nne. Alileta kadi. Alitaka nisome, kisha kama ndivyo ilivyokuwa, niweke sahihi nyuma. Nikasoma, nikaweka. Ndivyo ilivyokuwa.”

“Ndivyo vipi?” mama aliuliza. “Ni nini kilichokuwa hivyo?”

Nesi alimtazama mpelelezi kana kwamba anaomba ruhusa. Mpelelezi akaitikia kwa kichwa, na kizee akasimulia kwa ufupi, kama anayekabidhi zamu.

“Utaratibu wetu ulikuwa kuwachukua wenyewe wale wasiopumua. Mumeo alikataa. Alisema mwanangu siwaachii. Ilikuwa Jumapili, fundi seremala wa hospitali hayupo, na hata angekuwepo alikuwa hatengenezi jeneza dogo vile. Mvua inanyesha. Nikaenda chumba cha kufulia, nikatoa kikapu cha nguo za watoto wachanga, kile kidogo. Tukatandika taulo. Mumeo akavua shati lake akamfunika nalo. Akatoka na kikapu kifuani, amebaki na fulana. Mimi nilisimama kwenye dirisha la chumba cha kufulia nikamwona akishuka mpaka makaburini. Akaingia upande wa tangi la maji.”

“Alimzika?” mama alisema.

“Alimzika, mwanangu. Kwa mikono yake. Alirudi kucha zote zina udongo, nikamwosha kwenye sinki.”

Kule karakana mtu alizungusha gurudumu la baiskeli.

“Miaka thelathini na nne,” mama alisema. “Kwa nini hakuniambia?”

“Nilimuuliza swali hilo hilo Jumatatu, nikamkaripia na kumkaripia. Alisema alirudi baada ya wiki mbili kuweka alama, hakupaona. Mafuriko yalikuwa yamelaza udongo wote sawa. Alitafuta upande wa lango, yeye alikumbuka lango. Kila mwaka akitafuta. Alisema, ‘Ningemwambia mke wangu nimemzika mwanetu, angesema nipeleke. Nami sina pa kumpeleka. Ningekuwa nimempa nusu ya habari.’ Alisema kule kazini kwao, jambo la shahidi mmoja ambaye mwenyewe hana hakika, haliandikwi.”

“Haliandikwi!” Mama alisimama. “Mimi nilikuwa kamusi? Mimi nilikuwa droo yake? Nusu ndiyo niliyoitaka! Angenipa robo! Angeniambia tu nimembeba, nisingeuliza wapi!” Alikaa tena. Kizee alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, na hakuuondoa.

“Kwa nini sasa?” mpelelezi aliuliza. “Kwa nini mwaka huu?”

“Alisema anasahau. Alisema alilifikia lile neno kazini, akaona limetoka kwenye kikapu, akarudi nyumbani akashindwa kukumbuka shati lilikuwa la rangi gani. Akaogopa. Alitaka liandikwe mahali kabla halijamtoka lote. Nikamwambia, si upande wa lango, ni upande wa tangi, mimi nilikuona. Akainuka hapo hapo. Hata chai hakunywa.”

Mpelelezi akaandika: Jumatatu, saa tano kasoro, makaburini.

Mlinzi wa makaburi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili. “Mzee wa koti la kijivu? Namkumbuka. Alikuja Jumatatu kabla ya adhuhuri, akaniuliza upande wa tangi. Nikampeleka.”

Akawapeleka na wao. Kwenye kona ya tangi hapakuwa na makaburi. Palikuwa na kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma, na ndani yake mashine ya kusukuma maji ikinguruma.

“Waliijenga miaka kumi na moja iliyopita,” mlinzi alisema. “Walichimba kona yote hii. Nami nilimwambia yule mzee kama ninavyowaambia. Aliweka kiganja kwenye huo ukuta, akauliza wale waliokuwa chini walipelekwa wapi. Sikuwahi kumjibu. Alikaa chini taratibu, nikadhani anapumzika. Kumbe mdomo umekwenda upande. Nikaita gari la wagonjwa likamchukua. Hakuwa na karatasi yoyote ya jina.”

“Yuko hai?” mama aliuliza.

“Aliondoka hapa hai, mama.”

Mpelelezi alimgeukia sajini. Sajini alikuwa ameshajua, uso umemshuka.

“Nilipiga simu hospitali zote Jumanne, afande. Niliuliza kwa jina lake.”

“Hukuuliza wasio na jina.”

“Sikuuliza.”

“Nenda uwashe gari.”

Lakini mama hakwenda garini. “Wale waliokuwa chini,” alimwambia mlinzi. “Mimi nijibu. Walipelekwa wapi?”

Mlinzi aliwaongoza mpaka karibu na lango. Palikuwa na zege pana kama mkeka wa watu wawili, halina maandishi, majani yamefyekwa pembeni. “Tuliwakusanya humu, mama. Kwa heshima. Mimi mwenyewe nilikuwepo.”

“Wako wangapi?”

Akafungua daftari, akatafuta. “Arobaini na mmoja.”

“Na wadogo walihesabiwa?”

Mlinzi alifunga daftari. “Wale wadogo sana, mama, udongo huwa umeshawachukua. Lakini udongo wa kona ile tuliubeba wote, tukauweka humu.”

Mama aliinama akaweka kiganja kwenye zege. Lilikuwa limepata jua, lilikuwa la moto. Hakuondoa mkono.

“Basi hayuko peke yake,” alisema.

Mzee alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na nne, na kwenye cheti cha kitandani pameandikwa ‘hajulikani’. Daktari aliwasimamisha mlangoni kwanza. Damu imevuja kichwani, alisema. Upande wa kulia hauna nguvu na maneno yamekwenda, hata moja halijabaki. Anasikia. Jana usiku ilivuja tena.

“Mama, nisikufiche,” daktari alisema. “Jumapili sidhani kama ataiona.”

“Leo ni siku gani?”

“Alhamisi.”

“Haya,” mama alisema, akaingia.

Nesi wa wodi alimkabidhi mpelelezi bahasha ya vitu vya mgonjwa: kalamu ya risasi, leso, tikiti ya basi na kadi. Mpelelezi alimwambia sajini aende chumba cha kamusi, yule karani asibaki hajui.

“Nimwambie nini, afande?”

“Mwambie shahidi wa pili alipatikana.”

Sajini akaondoka akikanyaga polepole.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, upande wa kushoto, ule wenye uhai. Mzee alikuwa amemkazia jicho moja.

“Nisomee,” mama alisema. “Miwani yangu imebaki nyumbani.”

Mpelelezi hakuwa na hakika kama ni miwani au ni moyo. Akasimama chini ya kitanda, akasoma:

“‘Coffin. Kadi ya tano, inaendelea kutoka Kigiriki, kikapu. Asili ya nyuma zaidi haijulikani. Mfano wa matumizi. Jumapili, mwaka wa mafuriko, nilimzika binti yetu kwenye kikapu cha kufulia. Urefu wake, kiwiko changu hadi vidole. Nywele nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka kwenye shingo, kama za mama yake. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimemlalia mwenzake. Nilimfunika kwa shati. Nilikuwa nikiamini sikumzika vizuri. Sasa naona neno lenyewe lilianzia hapo. Kwa hiyo sikukosea chombo. Nilikosea kutosema.’ Nyuma: ‘Mtoa habari wa kwanza, baba. Wa pili, nesi wa zamu.’ Na sahihi yake.”

“Soma tena hapo kwenye nywele.”

Mpelelezi akasoma.

“Tena.”

Akasoma mara nne. Mara ya nne mama alikuwa akisogeza midomo pamoja naye.

Kisha akamwinamia mumewe. “Uliziona,” alimwambia. “Uliona nywele zake. Uliona na kidole chake. Miaka thelathini na nne nalala ubavuni kwako nikimtafuta sura, nawe unayo peke yako. Mchoyo wewe.”

Jicho la mzee lilijaa, likamwagika upande wa sikio. Mkono wa kushoto ulijikongoja juu ya shuka ukatafuta. Mama aliuangalia ukihangaika kidogo, hakuusaidia. Ulipomfikia, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

“Nimekaa ndani ya gari la polisi mchana kutwa kwa ajili yako,” alisema. “Nimevua mpaka pete, nilikuwa nakwenda kupigana na kizee wa miaka themanini. Aibu yote hiyo unayo wewe.” Akamfuta sikio kwa ncha ya nguo yake. “Lala sasa. Nina mengi ya kukugombeza, na leo nimechoka. Kesho. Kesho asubuhi uamke, nikugombeze vizuri.”

Mzee alimtazama mpaka ukope ukamshinda. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda. Mama alihesabu pumzi kwa midomo, moja, mbili, akafika kumi na kitu akapotea njia, akaanza upya. Hakuwa amelala tangu Jumapili. Kichwa kiliinama kidogo kidogo mpaka kikagusa godoro, karibu na ule mkono, na mikono yake miwili haikuuachia.

Wagonjwa wengine walikuwa wamepumzika baada ya chakula. Mpelelezi alivuta kiti akakiweka mlangoni, asiingie mtu kuwaamsha kwa ajili ya kupima joto au kuuliza jina la kuandika kwenye cheti. Alikuwa na kadi mapajani. Alikusudia kukaa macho mpaka kesho hiyo ifike, aone kama mama atapata wa kumgombeza. Aligeuza kadi mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Saa kumi na kitu hivi, kwenye mstari wa nywele, naye akalala.